Mjomba, ninunue rodi ya mikono miwili?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tudor, na Mungu akijalia mwakani natimiza miaka hamsini. Marehemu baba alifanya kazi kwenye boti za kuwatoa watalii kuvua sulisuli, na kwake nilirithi rodi ya flai ya futi 9, nambari 8, pamoja na ugonjwa wenyewe wa kuvua. Kwa wasomaji wako wasioujua uvuvi huu: flai ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na dagaa au kamba. Haina chubwi wala uzito wa maana, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Unaupeleka nyuma hewani, unaungoja unyooke, ndipo unausukuma mbele.

Taabu yangu iko huko nyuma. Navua ng'ambo, upande wa Junda, kwenye ukingo wa hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara. Maji yakijaa hunisukuma mpaka mgongo unakaribia mikoko, na kila nikipeleka mshipi nyuma, flai inanasa kwenye mlilana, mkoko wenye matawi. Kuna jioni narudi na majani mengi kuliko samaki. Halafu bega la kulia limeanza kuniuma. Daktari amesema ni kano, akanipa mazoezi, na akanikataza kuinua mkono juu ya kichwa kila mara, jambo ambalo kwa rodi yangu ndiyo kazi yenyewe.

Sasa kuna bwana mmoja wa Uskoti, ameishi Nyali miaka mingi, anafunga virago arudi kwao mwisho wa mwezi. Ananiuzia rodi ya mikono miwili, futi 13, nambari 8, pamoja na rili yake, kwa shilingi 40,000. Alinionyesha ufukweni, na mahali pa ndoana alifunga kipande cha uzi wa sufu nyekundu. Nilibaki mdomo wazi. Mshipi haukwenda nyuma, ulijikunja tu ubavuni pake, kisha ukatoka mbele ukafika mbali kuliko nilivyowahi kurusha maishani. Mishipi yake anaondoka nayo, lakini kaka yangu anasema hilo si neno, nambari ni 8 kwa 8, nitumie huu wangu. Kaka huyo huyo anacheka pia, eti mikono miwili ni ya wazee na ya mito ya baridi, hapa Mombasa itakuwa pambo la ukutani.

Fedha ninazo, ni zamu yangu ya chama. Mume wangu hakatai. Ameniuliza tu, "Hiyo utaivulia wapi?" nikakosa jibu lililonyooka. Nimewaza horini, nimewaza ufukweni, ukingo wa bahari wa Mama Ngina siku za Jumapili, hata Nyeri kwa dada yangu wakati wa likizo. Nishauri Mjomba, niyaingie mambo haya au niachane nayo?

Mwalimu, Tudor

JIBU

Marahaba, mwanangu. Tuanze na swali la mumeo, maana rodi ya namna hii huwezi kuisifu wala kuiponda mpaka ujue itasimama wapi.

Kaka yako amesema kweli kuhusu mito ya baridi, ila hakujiuliza kwa nini. Spey ni mto wa Uskoti, na mtindo uliouona ufukweni ulipata jina lake huko katikati ya karne ya 19. Wavuvi wa samoni walikuwa na mto mpana mbele yao, na mgongoni kingo za juu zenye miti. Mshipi haukuwa na pa kwenda. Wakapata namna ya kuurusha bila kuunyoosha nyuma, kwa rodi ndefu za mbao zilizomchosha mtu mzima kabla ya saa sita mchana. Sasa wewe simama pale Junda maji yakiwa yamejaa, utazame mbele, utazame nyuma. Hapo kinachokosekana ni baridi tu.

Isitoshe, hori lako ni mto. Kombeni na Tsalu huleta maji yao kutoka bara, lakini mwenye nguvu hapo ni bahari: siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote yanayoingia na kutoka horini sharti yapite chini ya Daraja la Nyali. Kwa muda wa saa sita yanaingia, kwa muda wa saa sita yanatoka. Samoni huvuliwa hivi: unarusha kimshazari kuelekea maji yaendako, unaukaza mshipi, unauacha mkondo uizungushe flai kutoka katikati mpaka ukingoni. Huvuti kitu. Samaki anaona dagaa aliyeshindwa na maji akikatiza mbele yake. Kisha unasogea hatua mbili, unarusha tena. Kolekole na mzia hukaa kwenye vinywa vya vile vijito vya mikokoni maji yakianza kutoka, wakingoja dagaa na kamba wanaosukumwa nje. Hao unaweza kuwavua hivyo bila kubadilisha chochote. Siku za maji mafu mkondo unalala, flai inazama topeni, na utarudia kuvuta kwa mkono ulivyozoea.

Kwa hiyo mtindo una kazi hapa. Mimi ningekwambia uuchukue kesho. Rodi ya futi 13 ni habari nyingine, na ndiyo sababu nakujibu kwa kirefu: watu wengi huvinunua vitu hivi viwili kama kimoja.

Urushaji wa Spey hauhitaji mikono miwili. Unaweza kuuanza na hiyo rodi ya marehemu baba yako. Mshipi umenyooka majini mbele yako. Inua ncha ya rodi polepole mpaka sehemu kubwa ya mshipi iwe imeachana na maji, kisha izungushe rodi pembeni na nyuma kwa mwendo mmoja usiokatika. Flai na ule uzi mwembamba wa mbele vinatua majini kando yako, umbali wa kama rodi moja. Hiyo ndiyo nanga. Mshipi uliobaki unaning'inia nyuma ya bega ukifanya tumbo. Maji yameishika nanga, tumbo limejaa, rodi imepinda kwa uzito huo: hapo ndipo unaposukuma mbele na kusimama ghafla, ncha ikiwa bado juu.

Makosa yatajitangaza yenyewe. Nanga ikichomoka kabla ya wakati utasikia mlio wa kiboko, na flai itapita karibu na sikio, ndiyo maana nasisitiza miwani na kofia, na kile kijino cha ndoana ukibane kwa koleo. Ukichelewa, mshipi mwingi utakuwa umelala majini, na utaondoka kwa sauti ya kupasua kitambaa bila kufika popote. Na mshipi wa nanga lazima uelekee kule unakotaka kurusha. Ukiwa umekaa upande, mshipi utajipitia wenyewe hewani na kuanguka chungu. Usijifunzie kiwanjani kwa shule, kwa sababu nyasi haziishiki nanga kama maji.

Bwana yule hakukwambia, au labda ulikuwa umeduwaa mno kusikia, kwamba lile tumbo nalo linataka nafasi. Kwa rodi yako ya futi 9, mita mbili tatu nyuma zinatosha. Kwa futi 13 utahitaji zaidi, na utahitaji pia anga tupu juu ya kichwa. Matawi ya mlilana hayakui kwa adabu. Tembea pale Junda wakati maji yamejaa nusu, ushike ufito wa urefu huo, uuzungushe. Ukigonga tawi kila mara, jibu umelipata bila kutoa senti. Ikiwa ni hivyo, rodi itakayokufaa siku moja ni ya futi 11 hivi, zile fupi za mikono miwili ambazo hata mkono mmoja unaziweza kwa shida. Maji yakipwa na ukisimama mbali topeni, nafasi unayo tele, lakini basi hata mtindo wako wa zamani hauna tatizo isipokuwa la bega.

Tuje kwenye bega. Mimi si daktari, na yule aliyekutibu ndiye wa kumsikiliza. Ninachojua ni kwamba urushaji mzuri wa mikono miwili hauupandishi mkono juu ya kichwa. Viwiko vinakaa karibu na mbavu, mkono wa juu hauzidi usawa wa paji la uso, na kazi kubwa inafanywa na mkono wa chini: unavuta kitako cha rodi kuelekea tumboni, huku mkono wa juu ukiwa egemeo tu. Wanaoanza wote hufanya kinyume. Wanasukuma kwa mkono wa juu kama wanaofunga dirisha lililokwama, na bega linalipa. Rodi ya futi 13 na rili yake inakaribia nusu kilo, kwa hiyo ukiishika vibaya itakuumiza kuliko hiyo uliyonayo. Ukiishika sawasawa utavua mpaka magharibi bila kulalamika. Hao wazee anaowacheka kaka yako wameligundua hilo zamani.

Lakini shauri la kaka yako ninalolikataa kabisa ni lile la 8 kwa 8. Akilirudia, mwonyeshe hapa. Nambari 8 kwenye mshipi wa mkono mmoja maana yake futi 30 za mwanzo zina uzito wa greni 210, chini kidogo ya gramu 14. Rodi ya mikono miwili yenye nambari hiyo hiyo inataka kichwa cha mshipi, yaani ile sehemu nene ya mbele, chenye greni 500 na zaidi, gramu 32 kwenda juu. Ukiifunga mshipi wako, rodi haitapinda, tumbo halitakuwa na uzito wa kuijaza, na wewe utaongeza nguvu ya bega kufidia. Utasema rodi mbovu. Baada ya mwezi itakuwa ukutani kweli, na kaka yako atakuwa ameshinda ubishi alioupanga mwenyewe.

Kwa hiyo bei ya 40,000 si bei kamili. Bila kichwa kinacholingana na rodi hiyo, unanunua nusu ya chombo, na nusu ya pili huenda ukaiagiza nje na kuilipia usafiri na ushuru. Mwambie bwana yule akuachie kichwa kimoja kifupi kizito, cha aina iliyoitwa kwa jina la mto Skagit wa jimbo la Washington kule Marekani. Vichwa hivyo ni vya futi ishirini na kitu tu, vinataka nafasi ndogo nyuma na vinabeba flai kubwa. Vile virefu vya asili vya Uskoti, vya futi 50 na kuzidi, ni vizuri kutazama, ila mikokoni havina kazi. Akikubali kuongeza kichwa na ule mshipi mwembamba wa kufuatia nyuma yake, kwa bei ile ile, na jaribio la ufito likapita, nunua. Akikataa, mshukuru, fedha za chama zirudi kabatini.

Sehemu nyingine ulizotaja hazinichukulii muda. Nyeri uiache rodi hiyo nyumbani. Trauti waliletwa huko kuanzia mwaka 1905, na vijito vya Aberdare na Mlima Kenya wanakoishi ni vyembamba, mahali pengine rodi ya futi 13 ingegusa ng'ambo. Mama Ngina pia hapana. Pale umesimama juu sana, nanga haina maji ya kuishika, na Jumapili watoto wa watu wanapita nyuma yako na mihogo mkononi.

Ufukweni ni mjadala. Kwanza ujue kwamba mbele ya Nyali na Bamburi kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, tangu 1986, na ndani ya mipaka yake havuliwi samaki hata mmoja. Waulize KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, mpaka uko wapi kabla hujashuka na ndoana. Nje ya hifadhi, ukiwa na mchanga mtupu nyuma yako, huna haja ya Spey. Tena wimbi linaiburura nanga kabla hujajiandaa. Hapo rodi ya mikono miwili hurushwa kwa kupitisha mshipi juu, kama ulivyozoea, na inapenya upepo vizuri kwa nguvu ndogo. Angalia tu msimu. Wakati wa kusi, ukitazama bahari, upepo unakujia kutoka kuliani na kuisukuma flai usoni pako. Kwa mikono miwili unabadilisha: mkono wa kushoto unakwenda juu, wa kulia chini, unarusha kutoka bega la kushoto. Si vigumu kama inavyosikika, na kwa bega bovu ni ujuzi wa kuwa nao. Kaskazi ikija, unarudi kuliani. Horini kanuni ni hiyo hiyo: nanga ikae upande upepo unakoelekea, usiiweke unakotoka.

Ila kuna usumbufu mmoja wa ufukweni. Kolekole anapenda flai inayokimbia, na ukiwa na kichwa kifupi lazima uvute mshipi wote mpaka kichwa kifike nchani ndipo urushe tena. Wenye rodi hizi huibana kwapani na kuvuta kwa mikono miwili kwa kupokezana, mbio mbio. Inafanya kazi vizuri, lakini siku nzima ya hivyo ni siku nzima ya hivyo.

Na usidhani urefu wa rodi unakusaidia samaki akishika. Rodi ndefu inampa yeye nguvu dhidi yako. Kolekole wa kilo mbili tatu akigeuza kichwa kuelekea mizizi ya mikoko, laza rodi upande, umvute kwa kitako cha rodi, wala usiisimamishe juu kama bendera ya shule. Kumleta mkononi peke yako ukiwa na futi 13 za rodi na mita tatu za uzi ni shughuli. Rudi nyuma kwa miguu mpaka alale kwenye tope, au mchukue huyo kaka anayecheka akakushikie wavu.

Umri wako hauna tatizo lolote hapa. Anayejifunza Spey anahitaji utulivu wa mwendo, na mwalimu aliyezoea darasa la kwanza anao.

Sasa cha kufanya wiki hii. Rodi nyingine zitatokea, mitumba au mpya. Mtu wa kusimama kando yako Mombasa hii akakwambia mkono wako wa juu unasukuma mno, huyo ni adimu, na anapanda ndege mwisho wa mwezi. Mwombe akupeleke maji mara kadhaa kabla hajaondoka, na usimwombe Nyali, mwombe Junda, saa moja baada ya maji kuanza kutoka, siku ya bamvua. Mlipe muda wake ikibidi, hata kama hutanunua rodi. Siku ya kwanza akufundishe kwa rodi yako ya futi 9. Ya pili ushike yake, na kichwa chake mwenyewe. Mvae viatu vya kufunga, mizizi ya mchu inachoma na maji ya hori hilo si ya kuingia na kidonda.

Ukiishia kuinunua, funga tepu kwenye maungio ya rodi kabla ya kuvua, kwa kuwa mzunguko wa Spey huyalegeza na kipande cha juu huweza kuruka na mshipi. Kila ukitoka baharini ioshe kwa maji baridi ya bomba, pamoja na rili, siku hiyo hiyo. Na kabla bwana hajafunga sanduku, akuandikie kwenye karatasi uzito wa kichwa kinachoifaa rodi ile, kwa greni, na uipige picha hiyo karatasi isije ikapotea.